Kaya ya Kumi na Saba

Siku aliyokwenda chuo kikuu kujiandikisha kusomea uzamili wa uchumi, karani wa dirishani alimtazama juu mpaka chini, akamwambia wazazi wa wanafunzi wanasubiri nje kwenye benchi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, amevaa gauni la kazini, na chaki ilikuwa haijamtoka vizuri kwenye kucha. Hakukasirika. Alimsogezea karani barua ya udahili, akamwambia mwanafunzi ni yeye, na mzazi ni yeye pia, kwa hiyo wakimhitaji mmojawapo wamwite tu. Karani alicheka mpaka mhuri akaugonga upande.

Watu wote walimwita Mwalimu, hata mumewe, kwa kuwa alikuwa amefundisha hisabati kwenye shule moja ya sekondari kwa miaka kumi na minne. Ruhusa ya kwenda kusoma aliiomba mara tano. Mara nne alijibiwa hakuna nafasi; mara ya tano mkuu wa shule alichoka kuiona barua ile mezani, akasaini. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, macho mekundu kutwa kwa ajili ya moto wa kazi. Alipopewa habari alisema miaka miwili si mingi, watajibana. Wakajibana kweli. Watoto walihamishiwa shule ya karibu ili waende kwa miguu, na fundi mwenyewe akaanza kuchomelea mageti ya watu hata Jumapili.

Mwaka wa kwanza ulimtoa Mwalimu jasho. Darasani alikaa na vijana, na mmoja wao alikuwa binti ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumpigia mikasi mikubwa myekundu, alama za kukosa, kwenye madaftari ya hesabu. Sasa binti huyohuyo ndiye aliyemwelekeza kutumia programu ya kompyuta ya kuchambulia takwimu. Alimwelekeza kwa heshima zote, ila kila Mwalimu alipobonyeza pasipotakiwa, alisema, "Rudia tena, mwalimu, usiogope," kwa sauti ileile ambayo Mwalimu alikuwa akiitumia kwake. Walicheka wote wawili. Mitihani ikaja, Mwalimu akashika nafasi ya tatu.

Mwaka wa pili ulikuwa wa tasnifu. Msimamizi wake alikuwa Profesa mmoja mwembamba, mpole, aliyesoma kila sentensi ya mwanafunzi akiwa na penseli aliyoichonga kwa kisu. Wenzake Mwalimu walikuwa wakiwasaka wasimamizi wao kama watu wanaotafuta mbuzi waliopotea. Wake alikuwa ofisini kila siku, na alikuwa na jibu. Ndiye aliyemsaidia kulipunguza swali lake likabaki hivi: bei zinapopanda, familia huanza kupunguza nini, na huishia kupunguza nini? Achague kaya arobaini, azitembelee kila mwezi kwa mwaka mzima, aulize maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, aandike. Watafiti wengi, Profesa alisema, huuliza mara moja wakaondoka, ndiyo maana wanaandika mambo ambayo kila mtu anayajua.

"Lakini usiguse kitu," alimwambia. "Ukimshauri mtu, ukimpa kitu, hata ukikunja uso tu akikujibu, mwezi ujao atakujibu kile unachotaka kusikia. Wewe ni macho na kalamu. Basi."

Mwalimu aliandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la utafiti.

Kaya zilipewa namba ili majina ya watu yasijulikane. Kaya ya kumi na saba ilikaa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mnene, mcheshi, fundi wa kushona sare za shule. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa mlangoni ipate mwanga, na anayetaka kuingia ndani ilimlazimu apite kiupandeupande. Alikaa na binti yake wa pekee, wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa muuzaji kwenye duka la viatu.

Ziara ya kwanza, Mwalimu alifungua dodoso, yaani karatasi zake za maswali, akauliza nani kichwa cha familia. Fundi alitoa pini mdomoni.

"Kichwa kinachouma kila siku ni hiki changu," alisema, "kwa hiyo andika mimi."

Tangu hapo kila tarehe kumi asubuhi Mwalimu alikuwa akikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akiuliza, na Fundi akijibu huku akishona. Alikuwa akijibu kwa ukamilifu, bila kuona haya, mpaka na mambo ambayo kaya nyingine zilikuwa zikiyapitisha mbali. Alimwita Mwalimu mwanangu. Alimpima kwa macho akamwambia gauni lake limeanza kumpwaya, masomo yanamla, na siku moja alimvua koti palepale akalipunguza kiunoni huku maswali yakiendelea. Mwalimu alihangaika kidogo, kwa sababu hakujua kama kupokea ni sawa na kutoa. Profesa alimwambia koti si neno.

Mwezi wa nne bei zilianza kupanda, na hazikushuka tena. Kwa utafiti wake lilikuwa jambo la bahati, na alijua ni vibaya kuliita bahati. Kaya zilianza kujibana kama alivyotarajia: sukari, nauli, vocha za simu, kisha mlo wa mchana. Halafu zikafika kwenye mambo ambayo hakuyatarajia mapema kiasi kile.

Swali la thelathini na moja liliuliza kama kuna mtu katika familia ambaye, kwa siku saba zilizopita, ameacha au amepunguza dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya bei. Miezi mitano Fundi alijibu hapana. Mwezi wa sita alijibu ndiyo.

Mwalimu akauliza ni nani.

"Mimi. Hizi zangu za presha. Zahanati zimeisha, na dukani hazishikiki. Nimeona bora nizikate." Alifungua droo ya cherehani akamwonyesha vidonge vyeupe kwenye kikopo cha vifungo, kila kimoja kimepasuliwa katikati kwa wembe wa kufumulia nyuzi. Alivionyesha kwa fahari kidogo, jinsi mtu anavyoonyesha kitambaa alichokikata bila kubakiza kipande. "Nusu leo, nusu kesho. Vinanifikisha."

Mama mzazi wa Mwalimu alikuwa na presha kwa miaka tisa. Mwalimu alikuwa amekaa na madaktari, alikuwa ameambiwa na kuambiwa tena kwamba dawa ile humezwa nzima, kila siku. Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi. Aliyameza. Aliandika: ndiyo, nusu. Fundi alimtazama akiandika, akangoja kidogo, kisha akarudisha pini mdomoni akaendelea kukanyaga cherehani.

Alipofika kona ya barabara Mwalimu alimpigia mama yake simu, akamuuliza kama amemeza dawa. Mama alisema amemeza, akauliza kuna nini. Mwalimu akamwambia hakuna kitu.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa Profesa kabla mlango haujafunguliwa. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni daktari?" alimuuliza.

"Hapana, Profesa."

"Una hakika hiyo nusu itamdhuru?"

"Mama yangu ana presha. Najua."

"Unajua ya mama yako." Hakusema kwa ukali. Alichukua penseli, akachora mstari kwenye karatasi tupu, akaukata katikati. "Ukimwambia huyu, itabidi uwaambie na wengine wote wanaopunguza dawa. Na ukishawaambia, hujui tena bei imewafanya nini. Unajua wewe umewafanya nini. Kazi ya nusu mwaka imekwisha. Imebaki miezi sita tu. Ukimaliza tutaandika karatasi moja ya maelezo, utaipeleka kwa kaya zote arobaini siku moja. Mimi mwenyewe nitafuatana na wewe."

Alikuwa mtu mwema, na maneno yake yalikuwa na mpangilio. Mwalimu alitoka pale akijisikia kama aliyetuliwa mzigo, na jambo hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye kuliko mengine yote: jinsi alivyoshuka ngazi zile kwa wepesi.

Wakati wa chakula cha jioni alimsimulia mumewe. Fundi wa vyuma alitafuna, akafikiri.

"Si umwambie tu?"

Mwalimu alimweleza habari ya takwimu kuharibika, na barua tano, na miaka miwili. Mumewe alisikiliza yote.

"Basi," alisema, "wewe ndiye unayejua."

Mwezi wa saba alisoma swali lile mara mbili, polepole, akiomba moyoni kwamba kusoma polepole kutasema kile ambacho yeye haruhusiwi kukisema. Fundi akamwambia amemsikia vizuri, masikio hayajazeeka, ni nusu. Mwezi wa nane, nusu. Wakati huo kaya nyingine nne nazo zilikuwa zimeanza kukata vidonge au kuruka siku. Mwalimu alipouchora mstari wa dawa kwenye kompyuta, uliteremka baada ya ule wa chakula, daraja kwa daraja, wazi kabisa, kitu ambacho hakuna kitabu alichokisoma kilichokuwa nacho. Profesa aliinama juu ya karatasi kwa muda mrefu. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuletewa jambo safi namna hiyo na mwanafunzi. Mwalimu alifurahi sana, na aliporudi nyumbani alikaa bafuni na ndoo ya maji mbele yake, hajioshi.

Tarehe kumi ya mwezi wa tisa alipita nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi asisikie cherehani. Mlango ulikuwa mpana. Binti alikuwa amekaa chini, anachuja uji. Fundi alikuwa kitandani, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelazwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa pale. Kiharusi kilimkuta siku nne baada ya ziara ya mwezi uliopita, anashona kola. Binti aliacha kazi ya duka la viatu ili amuuguze.

Mwalimu alilirudisha dodoso kwenye mkoba. Binti akaona.

"Uliza tu, mwalimu," alisema. "Mama hapendi ukose kitu."

Akauliza. Hakujua afanye nini kingine, na mikono yake ilikuwa imezoea. Alipofika swali la kumi na mbili, kama katika siku thelathini zilizopita familia imeuza kitu chochote cha nyumbani au cha kazi, binti alijibu bila kuinua macho.

"Cherehani."

Kitandani Fundi alitoa sauti moja ndefu, akauinua mkono wa kushoto, akauelekeza kwa Mwalimu, kwenye koti lake, au kwenye karatasi. Binti alimsogelea akamuuliza anataka maji? Anataka kugeuzwa? Haikuwa hivyo. Sauti ilirudi mara mbili, kisha mkono ukashuka. Mwalimu aliaga akitazama sakafu.

Profesa alipoambiwa alivua miwani. Alisema pole. Alisema pia kwamba watu hupata viharusi hata wakimeza dawa zao zote, na hilo ni kweli. Halafu alifungua droo, akatia pesa zake mwenyewe kwenye bahasha, akamwomba ampelekee mgonjwa.

"Sasa haina neno tena," alisema.

Bahasha ilipelekwa. Vidonge vizima vilinunuliwa. Fundi alikufa mwezi wa kumi na moja, siku mbili kabla ya tarehe kumi. Mwalimu alikwenda mazikoni, akasimama nyuma ya watu. Majirani waliokuwa wamemwona akija na mkoba kila mwezi walidhani ametoka serikalini, wakampisha mbele, na mmoja akamshukuru kwa kutowasahau watu wadogo. Kwenye jedwali, mstari wa kaya ya kumi na saba uliishia mwezi wa kumi, na kwenye safu ya sababu aliandika namba tisa, maana yake imetoka kwenye sampuli.

Mwaka ulipotimia, karatasi ya maelezo haikuandikwa. Profesa alikuwa safarini kwenye mkutano, kisha ikaja ripoti ya idara, kisha akasema ni bora wangoje mpaka baada ya utetezi wa tasnifu, wasije wakaambiwa wametangaza matokeo kabla hayajapita. Mwalimu alingoja. Alikuwa amekwisha kuwa hodari wa kungoja.

Siku ya utetezi walikuwa wanne kwenye chumba cha mikutano, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kelele za mashine ya kukatia majani. Alieleza kazi yake kwa dakika ishirini bila kutazama karatasi. Mtahini kutoka nje ya chuo alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti laini, aliyekuwa ameisoma tasnifu yote na kuipigia mistari. Alimsifu. Kisha akafungua ukurasa wa jedwali.

"Hii ya kumi na saba. Mbona imekatika?"

"Mhusika alifariki."

"Kwa jambo linalohusiana na utafiti?"

Profesa alikuwa ameshika penseli, anaitazama ncha yake. Mwalimu alisikia mashine nje ikizima na kuwaka tena.

"Kiharusi," alisema. "Alikuwa akikata vidonge vya presha tangu mwezi wa sita. Nilijua. Sikumwambia."

Mtahini aliandika kitu pembeni mwa ukurasa. Alimtazama Mwalimu, na ilionekana kama atauliza jambo jingine, lakini alirudi kwenye jedwali.

"Ukiiondoa kaya hiyo, matokeo yako yanabadilika?"

"Hapana," alisema Mwalimu. "Hayabadiliki."

"Vizuri."

Alifaulu kwa daraja la juu kabisa. Walimpa mkono mmoja baada ya mwingine. Nyumbani watoto walikuwa wamemtundikia karatasi za rangi mlangoni, na mumewe alikuwa amerudi mapema, amekwisha kunawa masizi. Alicheka nao. Alikula.

Jumamosi iliyofuata alimtafuta binti wa Fundi. Alikuwa amehama, anakaa chumba kimoja ng'ambo ya barabara kuu, anafulia watu nguo. Alimkuta uani, mikono imejikunja kwa sabuni. Binti alimsalimu kwa adabu, akampangusia kiti. Mwalimu hakukaa. Alimwambia yote kwa kufuata mpangilio, tangu mwezi wa sita: vidonge, alivyojua, alivyokwenda kwa Profesa, alivyonyamaza. Hakuomba radhi, kwa sababu aliona kuomba ni kumpa binti wa watu kazi nyingine ya kufanya.

Binti alikamua shati, akalikung'uta, akalitundika.

"Nilimkataza," alisema. "Nilimwambia, mama, usikate hizo dawa, nenda ukaulize kwanza. Unajua alinijibu nini? Alisema mwalimu wa chuo kikuu anakuja hapa kila mwezi. Nimemwonyesha, ameandika, hakusema kitu. Ingekuwa mbaya angesema."

Akachukua shati lingine.

"Mwezi uliofuata nikamuuliza tena. Akasema amekuja tena, nimemwambia tena, na hakusema kitu."

Mwalimu alisimama pale mpaka nguo za beseni lile zikaisha. Binti alipokwenda kumwaga maji, hakurudi uani. Alipitiliza ndani akafunga mlango, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Orodha ya majina na namba za kaya ilitakiwa ichomwe baada ya utetezi, ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu za chuo. Mwalimu alikuwa bado nayo. Zilibaki zile kaya nne nyingine zilizokuwa zikikata vidonge au kuruka siku. Aliziendea mchana uleule, bila kumwambia Profesa, bila karatasi ya maelezo.

Ya kwanza ilikuwa imehama, na hakuna aliyejua ilikoelekea. Ya pili mama mwenye nyumba alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamshukuru kwa baridi, akasema walikwisha kuambiwa na muuguzi mwezi uliopita. Ya tatu walimuuliza kwa nini ameyaficha mwaka mzima. Kabla hajamaliza kujibu mwenye nyumba alimwambia aondoke, na asikanyage tena pale na mikaratasi yake. Aliondoka. Hakuona kosa katika maneno yao.

Kwenye ya nne alikaa dereva mstaafu wa malori, mzee wa miaka sitini na saba, peke yake, mgonjwa wa sukari na presha vyote kwa pamoja. Alimkaribisha Mwalimu kwa furaha, akamwondolea magazeti kwenye kiti, akaanza kujibu maswali ambayo hayajaulizwa: mafuta amepunguza, nauli hatumii, dawa anaruka siku moja moja. Mwalimu alimwambia hakuja kuuliza. Alimweleza dawa zile hazirukwi, wala hazikatwi, na kitu kinachoweza kumpata mtu. Alimweleza na kilichompata mama mmoja fundi cherehani.

Mzee alisikiliza, mikono magotini.

"Nimekuelewa vizuri sana, mwalimu," alisema. "Sasa nipe na hilo la pili. Hicho kidonge cha kila siku, ninakitoa wapi?"

Mwalimu alikuwa na shahada ya uzamili ya uchumi. Alimwambia hajui. Walihesabu pamoja vidonge vilivyobaki kwenye chupa, vikawa vya siku tisa, vikimezwa inavyotakiwa. Alimwambia avimeze inavyotakiwa, na Jumatatu watakwenda wote zahanati.

Alirudi kufundisha muhula uliofuata, darasa lilelile, na mshahara ukapanda kidogo kwa ajili ya cheti. Profesa alimwandikia mara mbili akimtaka aendelee na shahada ya uzamivu, kwa sababu takwimu zile zilikuwa bado na mengi ndani yake. Barua zote mbili hakuzijibu. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumatatu ile alimpitia mzee asubuhi, wakaenda kwa mwendo wa miguu yake mzee, wakapanga foleni kabla dirisha la dawa halijafunguliwa. Walipofikiwa, mhudumu alisema dawa za presha hazijaja, wajaribu wiki ijayo. Wiki iliyofuata walikwenda tena, na hazikuwa zimekuja.